Nzi Anatua Baada ya Miaka Thelathini na Minne

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, Kanali wetu atarudisha ufunguo wa kabati namba kumi na nne, atasaini daftari la kutoka, na utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi mitano utakuwa umefika mwisho. Mhariri wa jarida hili la kikosi ameniomba niandike kwa utulivu, kama inavyomfaa mtu wa ofisi. Nimemkubalia kwa mdomo tu. Huo utulivu nitautoa wapi wiki hii?

Jina lake la kwenye vyeti lipo, ila sijui nani analitumia zaidi ya daktari wake wa meno. Kwetu sisi ni Nzi. Mafundi ndio waliombatiza, mwaka wa kwanza wa vita, kwa sababu ya kazi aliyoichagua mwenyewe. Rubani wetu akitunguliwa, helikopta ndiyo hushuka kumchukua. Lakini kabla haijashuka, lazima awepo mwenzake angani, kwenye ndege yenye bunduki, wa kumtafuta aliyeanguka, kumzuia adui asimfikie na kuionyesha helikopta njia. Mtu huyo huzunguka. Akipigwa risasi husogea, kisha anarudi. Akifukuzwa tena, anarudi tena. Fundi mkuu alipohesabu matundu kwenye bawa lake siku moja, akatangaza kwamba huyu si rubani, huyu ni nzi. Basi, jina likaganda.

Na tabia hiyo hakuiacha angani. Mlinzi wa getini ni shahidi kwamba Kanali huzunguka eneo la kuegesha magari mara tatu ndipo aegeshe, hata kama ni patupu. Mkewe, shemeji yetu mpendwa, anasema walipokwenda kununua makochi alilizunguka duka zima mpaka muuzaji akadhani ni mkaguzi.

Katika vita ile aliruka safari arobaini na moja za uokoaji. Watu ishirini na tisa walirudi kwao wakiwa hai. Ukimwuliza, atakwambia helikopta ndiyo iliyowachukua, yeye alikuwa anapiga kelele tu huko juu. Nishani yake anaiweka kwenye droo moja na betri za tochi zilizokufa, na mwaka jana nusura aitupe pamoja nazo.

Mmoja wa wale ishirini na tisa ni mimi.

Kwanza nieleze habari ya kadi, maana bila kadi hakuna hadithi. Kila anayeruka hapa hujaza kadi ya siri yenye swali moja na jibu lake. Kadi hutiwa kwenye bahasha na bahasha hufungwa. Mwenye kadi akitunguliwa, karani anafungua bahasha na kumsomea rubani aliye juu kwa redio. Yeye anamwuliza yule aliye chini. Jibu likiwa sahihi, helikopta inashuka. Likiwa si sahihi, helikopta inageuza, hakuna mjadala. Sheria hiyo haikutoka hewani. Miezi miwili kabla ya siku yangu, helikopta moja iliifuata sauti iliyojidai ni ya mwenzetu, na watu watano waliokuwemo hawakurudi.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nilijaza kadi nikiwa na wiki sita tu za ndoa, na karani wa kadi wakati huo alikuwa shangazi yake mke wangu. Mama yule alisimama pembeni yangu, mikono kifuani, ananitazama. Swali langu likawa nani anapika chai tamu kuliko wote. Jibu, kwa usalama wa nyumba yangu, nikaandika mke wangu.

Nilitunguliwa saa nne asubuhi. Mwavuli ulinishusha kwenye korongo kavu, kifundo cha mguu kikavunjika, nikajiburuta hadi chini ya kichaka na redio yangu ndogo. Barabarani, upande wa pili wa korongo, niliona vumbi la malori matatu. Halafu nikasikia injini. Jamani! Nimesikia muziki mwingi maishani, lakini sijasikia kitu kitamu kama ile injini ya Nzi.

Akaniuliza swali la kadi. Nami, mguu umevimba, kinywa kimekauka, nikasema ukweli wa moyo wangu. Nikasema ni mama.

Nilipogundua nilichokisema, nilitamani kula ile redio. Nikaanza kujitetea, nikataja jibu la kadi, mke wangu, nikaeleza habari za shangazi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu aliyeshikiwa bunduki. Nahodha wa helikopta, mama mmoja shupavu asiyepoteza maneno, akasema kwamba jibu si sahihi na yeye anageuza. Alikuwa na haki. Nyuma yake walikaa watu wanne wenye wake, waume na watoto, na aliowapoteza kwenye ile helikopta nyingine walikuwa rafiki zake.

Nzi akamwomba dakika mbili. Mafuta yake mwenyewe yalikuwa yanaelekea kuisha, na malori yalikuwa yameshaiacha barabara. Katika dakika hizo mbili akaniuliza swali ambalo halikuwa kwenye kadi yoyote duniani. Aliuliza bakuli liko wapi.

Hapo niwarudishe nyuma kidogo. Miezi minne kabla, binti yake alitimiza miaka mitano, akamwachia baba kipande cha keki, kikubwa, chenye ua la waridi la sukari. Nzi alikiweka kwenye friji ya chumba cha kusubiria, ndani ya bakuli la bluu. Aliporudi kutoka angani, keki hakuna na bakuli hakuna. Alituhoji mmoja mmoja. Mimi niliapa kwa kila nilichokijua, nikatoa hadi machozi kidogo. Nilipandishwa cheo cha uongo siku ile.

Basi, chini ya kichaka, kwenye masafa ambayo kikosi kizima kilikuwa kinasikiliza, nikakiri. Nikasema keki niliila mimi, nikiwa nimesimama, kwa kijiko cha fundi mkuu, na bakuli nililificha kabati la tatu, chini ya majaketi ya kuokolea, limefunikwa kifudifudi na kijiko kikiwa ndani.

Nikasikia kicheko. Kicheko kirefu, cha mtu aliyetua mzigo. Kumbe bakuli alishaliona siku nyingi, akaliacha palepale na hakumwambia mtu, akingoja mwizi ajitaje mwenyewe. Akamwambia nahodha kwamba huyo ndiye mwizi wetu, twende tukamchukue. Nahodha akauliza kama ana hakika. Akajibu kwamba adui anaweza kunipiga mpaka niseme jibu la kadi, lakini hakuna adui anayejua kuuliza habari za kijiko cha fundi mkuu.

Yaliyofuata nayasimulia kila mwaka. Alishuka chini hata nikaona misumari ya tumbo la ndege. Akalipiga lori la mbele, akapanda, akageuza, akarudi. Bunduki zote zilizokuwa zinanitafuta mimi zikaanza kumtafuta yeye, na ndivyo alivyotaka! Mara ya tatu bawa lilitobolewa tundu la kupitisha beseni. Akarudi mara ya nne na bawa lake lile lile. Helikopta ikatua katikati ya vumbi, mikono ikanikamata kwenye mabega, nikatupwa ndani kama gunia la viazi. Yeye hakuondoka mpaka tulipouvuka mlima. Alitua na mafuta kidogo sana hivi kwamba injini ilizimika akiwa bado njiani kwenda kuegesha.

Alikuja zahanati na ovaroli yake iliyolowa jasho, akakaa kwenye kitanda changu, akaniuliza kama keki ilikuwa na sukari ya kutosha. Nikalia kama mtoto mchanga, wala sioni haya kuandika hivyo. Tangu siku ile jina langu ni Keki, mke wangu ni Mama Keki, na kuhusu chai, nilikunywa maji ya moto kwa wiki mbili nzima.

Mguu wangu haukuruhusiwa tena kuruka, nikapewa ofisi ya kadi alipostaafu shangazi. Nzi yeye aliendelea. Baada ya vita alifundisha uokoaji kwa miaka kumi na tisa. Wanafunzi wake wanamjua kwa ukali wake juu ya vitu vidogo: betri za redio, kamba za viatu, na kadi. Hakuna aliyetoka darasani kwake bila kuisema kadi yake akiwa amechoka, amelowa na amefokewa, mpaka jibu litoke lenyewe. Nadhani mnajua alikitoa wapi kisa cha somo hilo.

Bahasha ya kadi yake mwenyewe nimeitunza miaka yote hii. Aliibadilisha mara moja tu, wiki ile niliyotoka zahanati. Baada ya hapo kila Januari alikuja ofisini, akasaini juu ya bahasha kwamba hakuna mabadiliko, akaondoka. Hakutunguliwa hata mara moja, kwa hiyo haikufunguliwa hata mara moja. Utaratibu wetu ni kwamba mtu akistaafu, kadi inafunguliwa mbele ya mashahidi wawili, kisha inachanwa. Niliifungua Jumatatu.

Swali: nani alikula keki ya binti yangu? Jibu: Keki, na bado anakana kuhusu ua la sukari.

Chini yake, mahali ambapo kanuni inakataza kuandika chochote, alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mwandiko wake wa kuku. Kwamba akikosea jibu, helikopta isigeuze kabla Keki hajaitwa kwenye redio, kwa sababu Keki atamjua.

Miaka yote hiyo, mzee, ulikuwa unaruka ukiwa umeniwekea roho yako mkononi, na hukuniambia. Kadi hiyo sikuichana. Kanuni nimeivunja, na Mkuu wa Kikosi akisoma hapa ndipo atakapojua.

Kwa hiyo kwa niaba ya kikosi, ya wale ishirini na tisa, na ya watoto wetu ambao wasingezaliwa: asante sana. Kapumzike na shemeji, mkazunguke maduka yote ya makochi. Binti yako, ambaye sasa ni daktari, atakuja Ijumaa na keki nzima, na ua la waridi juu yake ni lako, sitaligusa. Lile la kwanza nililila mimi. Na huko uendako, ukiulizwa lolote ukakosea jibu, usihangaike kaka. Niite tu kwenye redio. Nitakuja.