Kitabu Kisicho na Maiti

Kijiwe chetu hapa Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya jiko la makaa la Bernardine, Mrundi anayeuza kahawa ya tangawizi na kuingilia maneno ya kila mteja. Wanaokaa ni walewale. Appolinaire tunamwita Dosye, yaani faili, maana hakuna mtu wa Kivu, kule Kongo, anayeitwa kwenye intavyuu ya kupelekwa ng'ambo bila kwanza kupita kwake afundishwe la kusema. Kabanda tunamwita Maziwa. Ni Mganda, alianza biashara ya maziwa kule Bwizibwera na sasa anatuletea sisi huku kwa pikipiki. Mimi wananiita Redio, sijui kwa nini, na mimi ndiye ninayeongea kidogo kuliko wote. Halafu kuna Ulrich, kijana wa Fizi, hukohuko Kivu. Huyo tulimpa jina la Mwandishi kwa kumcheka, mpaka juzi aliporudi kutoka Mbarara na habari zake. Tangu siku hiyo tumeacha kumcheka, na laiti tungeendelea.

Habari yenyewe ni hii. Mbarara alikuja mama mmoja, wakala wa waandishi, yaani mtu anayechukua kitabu chako na kukitafutia mchapishaji. Akawakusanya watu ukumbini, akawapa mawaidha kutwa nzima. Ulrich akasimama akasoma ukurasa wa kwanza wa kitabu chake, kinachohusu harusi ya dada yake Madeleine, na yule mama akacheka mpaka akavua miwani. Akamwambia: nitumie. Barua fupi, kurasa za mwanzo, na muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema hadithi yote mpaka mwisho. Siku ya mwisho ya kupokea ni leo, kabla ya usiku kuingia. Unatuma mara moja tu, akishapokea hasomi masahihisho. Sasa Ulrich amekaa katikati yetu na simu mkononi, kila kitu kiko tayari, na badala ya kutuma akatuuliza sisi tunaonaje. Hapo ndipo alipokosea.

Dosye: Soma tena vile alisema. Polepole.

Ulrich: Alisema, barua iandike mwenyewe, kwa sauti yako. Usinililie. Usinisifu. Usimulipe mutu yeyote anayesema atakufikisha kwangu. Na muhtasari usinifiche mwisho, nataka kujua kila kitu.

Kabanda: Ngoja, ssebo. Yeye halipwi?

Ulrich: Analipwa kitabu kikiuzwa. Anakata sehemu yake.

Kabanda: Banange! Mimi niko kwa maziwa tangu zamani. Sijaona dalali anangoja mpaka wewe ukule kwanza. Huyo mama iko na kitu.

Dosye: Haiko dalali. Weye hauelewi. Ile ni intavyuu.

Ulrich: Papa Dosye, ni kitabu.

Dosye: Intavyuu, minakuambia! "Nataka kujua kila kitu." Ile maneno nimesikia mara mingi. Njo vile banaanza. Banakuchekea, banakupa maji ya kunywa, nyuma banakuuliza swali ile moja kwa njia ingine, baone kama unabadilisha.

Ulrich: Yeye hatafute uongo.

Dosye: Bote banatafuta uongo. Njo kazi yao.

Kabanda: Acha mimi nieleze. Kule Bwizibwera ukileta kidumu, hakuna mtu anakunywa kidumu yote. Wanamimina kidogo, wanatia kile kipimo, wanaangalia kama uliongeza maji. Hizo kurasa za kwanza ni kipimo. Weka mafuta juu. Mafuta yako iko wapi?

Ulrich: Mbuzi anakula shela ya bibi harusi.

Kabanda: Bambi. Hiyo ni maji.

Ulrich: Kwa ile njo mama alicheka!

Dosye: Alikucheka weye.

Ulrich akaiangalia simu yake. Nikaona neno limemwingia. Bernardine alikuwa anapuliza makaa, akainua kichwa.

Bernardine: Na mu hicho kitabu, nani anakufa?

Ulrich: Hakuna.

Bernardine: Yampayinka! Hata mmoja?

Ulrich: Mbuzi tu. Anapikwa.

Hakuna aliyecheka. Sote tunaijua harusi ya Madeleine, na hata Kabanda anaijua. Ilikuwa ya siku tatu kama zinavyokuwa kwao. Siku ya kwanza mahari, siku ya pili kanisani, siku ya tatu bibi harusi anawapikia wakwe bugali wake wa kwanza. Siku ya pili, wanatoka kanisani, risasi. Bwana harusi, Prince, hakuonekana tena, wala baba yake, wala wale waimbaji. Madeleine alifika huku na Ulrich akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Dosye ndiye aliyemfundisha aseme ni mjane, na Madeleine akamuuliza mjane wa nani, sijawahi hata kumpikia. Akaandikwa mjane. Hapa kijiweni hajakanyaga tangu hapo.

Dosye: Sasa ule muhtasari, mwisho umeandika nini?

Ulrich: Siku ya tatu. Yaya, dada yangu, anapika bugali. Inatoka mabonge-mabonge, katikati mbichi. Mukwe anakula yote, anaomba ingine, anasema haijatokea mupishi kama huyu. Prince anacheka mupaka anaanguka mu kiti. Ni pale kitabu kinaisha.

Dosye akaweka kikombe chini.

Dosye: Mutoto, unataka kutuua?

Ulrich: Kwa nini?

Dosye: Mu dosye ya dada yako, Prince alikufa siku ya pili. Ni miye nilipanga ile dosye. Sasa weye, ndugu yake wa tumbo moja, unaandika anacheka siku ya tatu, anakula! Wakifungua ile kitabu na ile dosye, meza moja? Wanasema dada yako ni mwongo. Faili linafungwa.

Ulrich: Ni hadithi! Nimeandika pale juu ya ukurasa: hadithi!

Dosye: Mukimbizi haiko na hadithi. Iko na dosye.

Sijui jinsi ya kuwaeleza alivyolisema neno lile. Si kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayemwonya mtoto asiguse chungu cha moto, na ndiyo maana lilikuwa baya zaidi. Nilitaka kumjibu. Nikanywa kahawa.

Bernardine: Mimi naona hivi. Kile kitabu kitapanda ndege, si kweli? Kitafika kwa wakubwa, huko. Watasoma jina, tuseme langu, watauliza, huyu yuko wapi? Wataambiwa, yuko Nakivale, anauza kahawa. Basi watamtafuta.

Kabanda: Nyabo, kitabu si tikiti.

Bernardine: Unajua wewe? Umeshapanda ndege?

Kabanda: Hapana.

Bernardine: Basi nyamaza. Ulrich, mwanangu, mimi sikuombi kunitia mimi. Nitilie mume wangu. Anaitwa Karekezi. Walimchukua akiwa anamwagilia maharage. Weka hapo kwenye harusi, awe mgeni. Halafu wamchukue.

Ulrich akamtazama. Bernardine alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili na macho yamejaa. Nani angemwambia hapana?

Dosye: Kama unaweka Karekezi, weka na Parfait, mutoto wangu. Alikuwa anapiga ngoma vizuri. Anaweza kuwa mu bale waimbaji.

Kabanda: Mimi iko na kaka. Boda ilimgonga pale Biharwe.

Dosye: Hapana. Ajali ya barabara haikubaliwi.

Kabanda: Lakini alikufa!

Dosye: Hata kama. Hawatakubali.

Kabanda akainama. Nilimhurumia, Mganda wa watu, kunyimwa nafasi ya kaka yake kwenye harusi isiyo yake. Na nikiwa namhurumia hivyo nikajisikia nasema kwamba mama yangu alibaki njiani tukikimbia, hatukumfukia vizuri, na kama kuna nafasi hata ya mstari mmoja. Ndiyo, mimi, ninayeongea kidogo. Nani asiyetaka wake waandikwe mahali?

Tukafanya kazi basi. Ulrich anaandika, sisi tunasema. Mbuzi akatoka. Mjomba aliyevaa viatu vya kulia vyote viwili akatoka, na kusema kweli yule mjomba alikuwa ananichekesha mimi kila nikimsikia. Mwisho ukahamia siku ya pili, mlangoni mwa kanisa, wageni wote chini. Barua nayo, ile aliyoambiwa aiandike mwenyewe, akaiandika Dosye: mimi fulani, nilizaliwa mahali fulani, nilikimbia tarehe fulani kwa sababu fulani. Aliisema yote bila kusita, kama sala.

Ulrich: Haifanane na miye.

Dosye: Inafanana na bote. Njo vizuri. Hawapate pa kukushika.

Ulrich: Na nikisha kukubaliwa, nitaandika kitabu kizima upya? Na bote bakiwa bamekufa ndani?

Bernardine: Utaandika, mwanangu. Una nguvu.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maduka. Ulrich aliweka kidole juu ya simu. Kabanda peke yake ndiye aliyesema, ssebo, labda acha mbuzi abaki. Dosye akatikisa kichwa. Ulrich akabonyeza.

Ulrich: Imeenda.

Dosye akampiga bega, akasema sasa tunangoja, na kungoja tunajua. Bernardine akatumiminia kilichobaki, kila mtu nusu kikombe, hakutaka malipo. Ungedhani tunapaswa kufurahi. Tulikaa kama watu waliotoka makaburini.

Ndipo tukamwona Madeleine anavuka barabara. Nilidhani anaenda sokoni. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye ubao wetu, amejifunga kitenge kisafi, na Dosye akasimama kumpisha kama mtu aliyeona mgeni wa heshima. Hakukaa. Alikuwa anatabasamu kidogo, na mimi sijawahi kumwona Madeleine akitabasamu.

Madeleine: Bakubwa, habari ya hapa. Ulrich, imeenda?

Ulrich: Imeenda, yaya.

Madeleine: Mungu ashukuriwe. Bakubwa, huyu ananisomea kila siku, tukisha kula. Jana tumefika siku ya pili, tumetoka kanisani, hakuna kitu kimetokea. Tumetoka tu, batu banaimba. Nikamwambia endelea. Akakataa. Akasema ile ya siku ya tatu ataniambia kitabu kikisha kwenda.

Ulrich alikuwa ameangalia chini. Dosye, mwenye jibu la kila intavyuu, alikuwa anageuza kikombe chake kikavu.

Madeleine: Nimeshindwa kungoja nyumbani. Uniambie tu kidogo, ile ingine utanisomea nyumbani. Bugali yangu, balikula?