Christa Ndayikeza na Sauti Aliyoahidi Kuirudisha Buterere

Ndugu waombolezaji, habari ya msiba huu niliipata kwanza kwa Régis, mwanafunzi mwenza wa marehemu, aliyekuja nyumbani Cibitoke Jumanne jioni, akakataa kiti, akasimama tu mlangoni, nami nikaelewa kabla hajasema.

Christa Ndayikeza, mdogo wangu, alizaliwa tarehe 14 Machi 2002 hapa Bujumbura, mtoto wa tatu wa mzee Ildephonse na mama Concilie, akasoma msingi na sekondari hapohapo mtaani kwetu Cibitoke, na mwaka 2022 akaingia chuo kikuu kusomea uandishi wa habari.

Februari 2025 alipata ufadhili wa wanafunzi waandishi wanaotumwa kufuatilia magonjwa ambayo dunia haiyasemi, naye akachagua fistula, yaani ugonjwa wa akina mama wanaovuja mkojo baada ya kuzaa kwa shida, wanaofichwa vyumba vya nyuma. Kwa kuwa walimwogopa msichana mwenye kinasa sauti, alinichukua mimi, nikiwa na mwanangu mgongoni, akinitania kwamba haya zangu zimepata kazi, maana dada asiyesema ndiye watu humwambia mambo. Huko Buterere mama mmoja, ambaye jina lake sitalisoma hapa, alikubali kusema kwa sharti kwamba yeye aisikie sauti yake kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na Christa akaahidi.

Hakuolewa wala hakuzaa, lakini mwanangu alilala zaidi mgongoni kwake kuliko kwangu.

Tarehe 29 Oktoba alishikwa na homa, akadhani ni uchovu wa kumalizia kipindi chake cha redio, kumbe ni malaria, ikapanda kichwani, akafariki hospitalini tarehe 4 Novemba 2025. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Dada, yule mama bado hajasikia."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji na kuni, wanafunzi wenzake, na redio iliyoomba kukirusha kipindi usiku uleule alipofariki, kwa heshima yake, nanyi mtusamehe kwa kukataa.

Kesho yake asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikapeleka simu ya Christa Buterere, nikaketi na yule mama mkekani kwake, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie pale wanapocheka wote wawili, kisha akauliza kwa nini Christa hakuja mwenyewe, nikamwambia, akasema isikike, ila jina lisitajwe.

Pumzika, mdogo wangu, ruhusa imepatikana.