Uso wa Ng'ambo ya Barabara

Saa tisa alasiri, Alhamisi, bango la kitambaa lilitundikwa kwenye ukuta wa duka la picha, nyuma ya benchi la kahawa. Lilikuwa refu kama mlango, limejaa nukta nyeusi, nyingine kama punje ya mtama, nyingine kama kifungo cha koti. Mwenye duka, ambaye kijiweni wanamwita Pikseli, alikaa chini yake na kikombe ambacho hakukigusa. Mshonaji wa mtaa wa nyuma angekuja kulichukua jioni hiyo. Alikuwa ameleta picha pekee ya marehemu mama yake, ndogo kama stempu, imefifia. Mdogo wake anaolewa Jumamosi na hajawahi kuiona sura ya mama ila kwenye kipicha hicho. Mshonaji alitaka mama awepo ukumbini. "Asipokuwa yeye," alisema, "usinipe kitu. Bora ukuta mtupu."

— Mimi naona dengu zimemwagika, alisema Kinyozi, shingo ameigeuza.

— Umekaa karibu mno, Pikseli akamjibu.

— Sasa nikae wapi, bosi? Benchi si ndilo hili?

Mama Kahawa alimimina, akatazama juu.

— Kwani ungemkuza tu, mwanangu, kuna ubaya gani?

— Picha ndogo ukiikuza inageuka ukungu, mama. Nikaondoa rangi, nikakoleza weusi na weupe, kisha nikaiambia kompyuta igeuze kila kivuli kuwa nukta. Penye giza nukta kubwa, penye mwanga nukta ndogo. Zikiwa ndogo mno, ule ukungu unarudi. Zikiwa kubwa mno, mama wa watu anaondoka. Jana nimeshinda namwita, nampoteza, namwita.

— Na pua yake iko wapi? Kinyozi akauliza.

— Pua ni pale ambapo sikuweka kitu.

Upepo ulilijaza bango, likavimba, likatulia, kama kifua cha mtu aliyelala.

— Hii naielewa, alisema Fundi Redio, ambaye hakuna asichokielewa. Ni kama matangazo. Yanakuja hewani vipandevipande, redio inayaunga. Hapa redio ni jicho. Maana yake mama hayuko kwenye kitambaa. Yuko hapo katikati ya barabara, na magari yanampitia.

— Shika adabu. Marehemu huyo, alisema Mama Kahawa.

— Nimemkosea nini? Namwona anasubiri kuvuka.

Kinyozi akaweka kikombe chini.

— Kila kichwa nilichonyoa, ukikisogelea sana, ni nukta tupu. Hata wewe, Fundi. Wakwe zako walikukubali kwa sababu walikaa mbali.

— Cheka tu. Labda na sisi ni hivyohivyo. Labda kuna mtu huko mbali, amefumba jicho moja, anakitazama kijiwe chote na kuona uso mmoja unatabasamu.

— Basi wewe ni chunusi yake, alisema Mama Kahawa.

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Pikseli hakucheka. Aliwaona kina dada wawili wakija, mkubwa mbele na futi yake ya kupimia shingoni, bibi harusi nyuma. Mshonaji alisimama mbele ya bango, hatua moja tu kutoka ukutani.

— Nimekuletea mama, unanipa surua?

— Dada, samahani, vuka barabara kwanza.

— Nimekuja kuchukua picha, unanifukuza?

— Vuka, shemeji, Kinyozi akadakia. Tafadhali. Sisi wenyewe ni wavivu tu, hatujavuka.

Mshonaji akashikana mkono na mdogo wake. Wakasubiri lori, wakavuka, wakageuka. Pikseli alimwona mshonaji akiweka kiganja mdomoni. Bibi harusi alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa ng'ambo. Walikaa hivyo muda mrefu.

Waliporudi, mshonaji alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga.

— Ni yeye, alisema. Hata ile kuinamisha kichwa.

Bibi harusi akawatazama wote benchini, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliokuwa wamekaa na mama yake mchana kutwa.

— Sauti yake ilikuwaje?

Fundi Redio alitazama chini. Mama Kahawa alishika birika bila kumimina. Wote wakamgeukia mshonaji.

— Nilikuwa mdogo, alisema.

Pikseli alipanda juu ya benchi, akalifungua bango fundo moja moja. Wale dada wawili walilikunja wenyewe, uso ukiwa ndani, wakalibeba wakilishika huku na huku, wakaelekea ukumbini.