Usukani Usiogeuza Ndege

Nje ya mgahawa wa Émilienne, jirani na soko la Woolwich, London, kuna benchi ambalo Watanzania wamelifanya kijiwe chao. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa ya Samson, dereva wa basi mwenye leseni mbichi ya urubani. Ndiyo maana wanamwita Kapteni. Juzi alirusha ndege ndogo peke yake, akatua vizuri tu, lakini ikiwa bado inakimbia ardhini ikakata kulia, ikatoka njiani na kuishia majanini. Hakuumia, na ndege haikupata hata mkwaruzo. Tatizo ni kwamba Jumamosi alipanga kuwapandisha wenzake, abiria wake wa kwanza, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Justin, anayeitwa Diwani kwa kupenda hotuba, alikwisha kuulaumu upepo, kisha halmashauri, kisha sungura. Mzee Darshan wa Kingsbury, mzaliwa wa Mwanza, naye alikuwa na lake.

— Kwenye basi la hapa dereva anakaa kulia. Kwenye ndege, rubani kushoto. Mwili ulikuwa unarudi kwenye kiti chake.

— Mzee, ndege yenyewe ya Kifaransa ile, — Diwani akasema. — Kwao wanaendesha kulia. Ilikuwa inafuata sheria za kwao.

Samson alicheka kwa shida. Aliona afadhali aseme mwenyewe.

— Upepo ulitoka kulia, pua ikaufuata. Nami nikazungusha usukani kushoto, si nimezoea basi? Nikasahau kwamba ikiwa chini unaiongoza kwa miguu, kwa pedali. Miguu yangu ilikuwa imelala.

— Pole, Kapteni, — Mzee Darshan akamwambia. — Ingekuwa basi, abiria wangebonyeza kengele washukie pale pale majanini.

Walikuwa bado wanacheka Blandina, mke wa Samson, alipofika akitoka zamu hospitalini. Alisikiliza kidogo, akauliza kwa upole:

— Kwa hiyo Jumamosi nani anapanda?

Tangu Pasaka Diwani na Mzee Darshan walikuwa wakigombania kiti cha mbele. Sasa Diwani akakumbuka ana harusi Thamesmead, ingawa hakusema ni ya nani. Mzee Darshan akachungulia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu. Iliuma. Samson akanuna waziwazi, maana ndio hao hao aliokuwa akiipanga nao safari hiyo tangu akiwa mwanafunzi.

— Nimewauliza wote, — Blandina akasema, macho yakiwa kwa mumewe.

Hapo ndipo Samson alipogundua kwamba hata yeye hajajibu.