Bosi Maganda Afungua Kituo cha Taka

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Afisa Afya, majirani wa mtaa huu, wafanyakazi wenzangu wa magari na matoroli, na wewe mama mkwe, uliyekalia kiti cha mbele ili nikose pa kukwepeshea macho: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimetambulishwa kama mtaalamu. Mmecheka, nami nimewasikia. Ninyi mnanijua kwa jina la Bosi Maganda, na jina hilo nimelitolea jasho. Halmashauri ilipoikabidhi kampuni yangu mtaa huu, nilikuja na mapipa ya kijani kwa maganda na makombo, ya bluu kwa chupa na makopo, nikahutubia mpaka sauti ikanikauka. Mapipa yalikuwa mazuri mno! Nani angetia uchafu kwenye chombo chenye mfuniko unaofunga vile? Wengine mliwekea maji, wengine mliogeshea watoto, na taka zikabaki palepale mtaroni. Nikakimbilia kwa mama mkwe, nikidhani huko nitaheshimiwa, nikakuta pipa la kijani limejaa unga. "Mkwe wangu," akaniambia, "chombo kizuri hivi nitie maganda? Tuletee na jingine." Je, mngekuwa mimi mngefanyaje? Mimi nilimletea.

Basi tukaja na viroba visivyotamanika, tukapita mlango kwa mlango, na leo mtaro unapitisha maji. Lakini taka zenu lazima zichambuliwe mahali, na mahali palipopatikana ni hapa, ukuta mmoja na mama yetu fundi cherehani. Kwenye mkutano wa mtaa niliapa kwamba kituo hakitanuka. Fundi akasimama, miwani puani: "Mwanangu, kama hakitanuka, mbona wewe unakaa kule mlimani?"

Mke wangu, ambaye kwa kawaida hunitetea hadharani, alikuwa anapiga makofi. Iliniuma, kwa sababu fundi alisema kweli, na majirani mkikataa kituo hiki, taka zitarudi mtaroni wanakocheza watoto wenu.

Ndugu zangu, ile nyumba tupu iliyopakana na kituo, jana tumehamia. Mke wangu amechagua chumba chenye dirisha la huku. Kikinuka, msihangaike kulalamika: mtanikuta nje na godoro langu.

Mheshimiwa Diwani ameridhia utepe ukatwe na fundi. Mama fundi, mkasi huu hapa. Kama umeridhika, kata. Kama bado, nenda nao nyumbani, nasi tutasubiri.

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.