Shimo Nililochimba Magindu

Asalaam aleikum, ndugu zangu wakulima. Wazee wangu, shikamooni. Leo nawasimulia lile shimo nililochimba Magindu.

Mnaijua kazi yangu hapa kijijini kwetu Masaki: mtu akifariki, mimi ndiye naitwa kuchimba kaburi. Basi Bwana Shamba alipotaka mtu wa kumchimbia mashimo ya kupimia udongo, ili yeye achore ramani ya kuonyesha wapi udongo una rutuba na wapi umechoka, mkanitaja mimi. Tukaenda Magindu. Jua la kule, nawaambieni, linakausha mate mdomoni. Nilichimba shimo la kina cha mtu shambani, kisha nikatia udongo wa kila tabaka kwenye mfuko wake.

Sasa sikilizeni mkono ulivyoniponza. Bwana Shamba alikuwa amekwenda shamba la pili. Mifuko ilikuwa inapata moto juani, nikaona niitafutie kivuli. Nikachonga ubavuni mwa shimo, chini kabisa, mahali pa kuilaza. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Ndugu zangu, nilichonga mwanandani! Pale pa kulaza maiti, katikati ya mihogo ya watu walio hai.

Mama mmoja akapita na kuni zake, akachungulia, akapiga yowe: "Mumiani! Wamechimba kaburi, wanatafuta mtu!"

Mnaikumbuka hofu ya wale wanyonya damu siku zile. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Kutahamaki, shimo limezungukwa na miguu, mapanga na michi. Jembe langu wamelivuta juu. Mtu akasema, "Mfukieni humo humo." Udongo wa moto ukaanza kunimwagikia shingoni.

Niliogopa, siwafichi. Nilijikojolea. Nikataka kutoa shahada, ulimi ukagoma.

Ndipo nikasikia sauti ya bibi kizee mwenye shamba: "Acheni! Nimemruhusu mimi." Wakambishia. Alikaa ukingoni, akajiburuza kwa makalio mpaka chini, akasimama mbele yangu. Aliyetaka kunifukia ilibidi amfukie na yeye.

Akaniuliza kwa sauti, wale wa juu wasikie: "Mjukuu wangu, unatafuta nini humu?"

"Chakula cha mihogo, bibi."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha: juu udongo mweusi kidogo tu, chini yake mchanga mweupe mtupu. Akauchota, akawainulia wale wa juu. "Tazameni mihogo yetu inakula nini! Na huyu mpeni maji."

Nilirudi nyumbani mzima, lakini nimekwisha. Ikawa ikipigwa mbiu ya msiba, najificha uvunguni, mtu mzima na ndevu zangu. Mke wangu hakunicheka. Nanyi hamkunicheka. Msiba wa kwanza niliothubutu kwenda, wawili wenu mliingia kaburini pamoja nami, mkanishika mabega mpaka nikamaliza. Allah awalipe. Hofu haijaniisha, lakini nachimba.

Basi nanyi mtakaoitwa kuchimbia ramani, waelezeni majirani wote kabla ya jembe la kwanza, si mwenye shamba peke yake. Na siku ukimkuta mtu shimoni, watu wamemzunguka na mapanga, usimwonee huruma ukiwa juu. Teremka.