Fulana Arobaini za Bluu

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, linatazamana na jengo la vioo la kampuni inayotengeneza programu za simu. Mimi nauza kahawa hapo, mtoto mgongoni, na mara nyingi nasikiliza tu. Serikali imeipa kampuni hiyo kiwanja, imeisamehe kodi miaka mitano, na inailipia nusu ya mshahara wa kila mkazi wa mtaa inayemwajiri. Mwezi uliopita vijana wa kampuni walipita na boksi la fulana za bluu na daftari jekundu: andika jina na namba ya kitambulisho, weka sahihi, chukua yako. Tulizigombea. Asubuhi hii watatu wa siku zote walikuwa wamezivaa: Kinyozi, Fundi Viatu, ambaye binti yake amesomea kompyuta, na Profesa, aliyeachia shule darasa la sita. Redio ilikuwa imetoka kusema kwamba uchumi wa mtaa wetu umekua.

KINYOZI: Umekua wapi? Vichwa ninavyonyoa ni vilevile, na vingine vimeanza upara.

PROFESA: Uchumi haukui kama mgomba. Unakua kwa ndani, kama gego la mwisho. Huoni kitu, unasikia maumivu tu.

FUNDI VIATU: Vijana wa pale wakichakaza viatu wataniletea.

KINYOZI: Wanakuja kwa gari, wanapanda kwa lifti. Soli itaisha lini?

PROFESA: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

KINYOZI: Ndiyo maana wamejenga ghorofa?

PROFESA: Ndiyo. Cha mvunguni wametuachia sisi.

FUNDI VIATU: Nyie chekeni. Mtu akipewa mbolea, atalima. Wamesamehewa kodi, wataajiri. Binti yangu ana cheti, tena ana barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ameingia pale sasa hivi kuulizia.

KINYOZI: Na hiyo kodi waliyosamehewa, nani anailipa?

PROFESA: Hailipwi. Inageuka hewa, inapanda juu, inakuwa mtandao. Ndiyo maana mvua ikinyesha simu hazishiki.

KINYOZI: Basi nami wanisamehe ya kibanda.

PROFESA: Una teknolojia gani?

KINYOZI: Mashine yangu ina waya.

PROFESA: Wao wanatumia isiyo na waya. Umeshachelewa.

Nikawaongezea kahawa. Kinyozi alikuwa hajaridhika.

KINYOZI: Redio imesema wameajiri wakazi arobaini. Mimi nanyoa mtaa mzima, sijakutana na hata mmoja.

PROFESA: Kazi za siku hizi ziko mtandaoni. Mtu anaajiriwa na haonekani. Wengine hata wenyewe hawajui.

FUNDI VIATU: Ilimradi nafasi zipo. Wa arobaini na moja ni wangu.

KINYOZI: Muuza mkaa bado analalamika kwamba fulana zilimpita.

FUNDI VIATU: Alikuwa wapi? Asiyekuwepo na lake halipo. Hata binti yangu hakuwepo, mbona halalamiki?

Binti mwenyewe akavuka barabara, bahasha yake kifuani.

BINTI: Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia wote.

Baba yake akafuta benchi kwa kiganja ili akae.

FUNDI VIATU: Haya mwanangu, unaanza lini?

BINTI: Sianzi, baba. Nafasi za wakazi wa mtaa zilikuwa arobaini, na zimejaa tangu mwezi uliopita.

FUNDI VIATU: Zimejazwa na nani?

BINTI: Hawakunionyesha majina. Wamenionyesha daftari kwa mbali, wakasema kila mmoja ameweka sahihi yake.



FUNDI VIATU: Daftari lenyewe... jekundu?

BINTI: Ndiyo, jekundu. Umelijuaje, baba?

Profesa alichungulia kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu. Kinyozi akainuka kuzima redio. Fundi Viatu alichukua koti lake, akalivaa, akafunga vifungo mpaka shingoni, ingawa jua lilikuwa kali. Mimi nilikuwa nimemfunika mtoto kwa fulana yangu. Nikaivuta taratibu asiamke, nikaificha chini ya birika.